Mkwe Wangu Amefungwa Kamba Chumbani, Mimi Naendelea Kusimulia

Siku ile nilikaa sebuleni kwa binti yangu, nikala karanga zake, nikanywa chai yake, na nikamfundisha jinsi ya kutumia muda vizuri.

Nyuma ya pazia, hatua chache kutoka kiti changu, mume wake alikuwa amelala chali. Mikono yake miwili imefungwa pamoja kwenye chuma cha kichwa cha kitanda. Vidole vinakufa ganzi kimoja kimoja.

Hakupiga kelele.

Alikuwa ananiheshimu.

Jina langu sitaliandika. Kamina, huku Kongo, si mji mkubwa na siku hizi kila mtu ana simu. Niiteni Papa Wenceslas, jina ambalo sikubatizwa nalo lakini nimelipenda siku zote. Majina ya wengine nimebadilisha pia, isipokuwa la mke wangu Hulda. Yeye amesema nikimbadilisha jina hatapika.

Nilifanya kazi ya reli, upande wa kufunga maturubai juu ya mabehewa. Jioni nilisoma shule ya usiku. Cheti kiko ukutani, ndani ya fremu, mahali ambapo mgeni akikaa lazima akione.

Tangu hapo sijaacha kujiendeleza. Kiswahili bora nimejifunza kwa redio, ndiyo maana nasema "sebule" wakati majirani wanasema "salo". Kifaransa nimekisoma ndani ya kamusi, ukurasa kwa ukurasa. Sasa niko kwenye R.

Majirani wananiita Profesa. Wao wanafikiri wananitania.

Sasa tuingie kwenye mambo.

Kila Jumapili baada ya misa, binti yangu Kyabu anatuletea watoto wake washinde kwetu. "Juu nkambo yao asikae yeye peke," anasema, yaani bibi yao asibaki mpweke. Sababu nzuri. Hulda hajawahi kulalamikia upweke maishani mwake. Huwa ananilalamikia mimi.

Jumapili hiyo watoto walikuwa wamegundua kwamba sufuria na mfuniko vinatoa sauti tofauti. Nilivumilia kadiri mtu aliyesoma anavyoweza kuvumilia. Kisha nikachukua kofia na mwavuli, nikaenda mahali ambapo nilijua patakuwa kimya.

Nyumbani kwa wazazi wao.

Sikupiga simu kwanza. Baba mzima apige simu ili aende kwa mtoto wake? Ndivyo nilivyofikiri.

Nilifika, nikabisha. Kimya. Nikakohoa. Kikohozi changu kinajulikana mtaa mzima, hakihitaji kujitambulisha. Baadaye nilikuja kujua kwamba ni kikohozi hicho kilichoharibu kila kitu.

Kyabu akafungua. Kitenge kimefungwa haraka, kitambaa cha kichwa kimegeuzwa ndani nje, jasho usoni.

"Papa. Leo?"

"Leo ni siku mbaya?"

"Hapana, Papa. Karibu. Ikala."

Nikakaa. Kiti kizuri, kile kinachotazama kalenda.

"Bwana yako Badibanga iko wapi?"

"Haiko. Alienda Luena."

"Na nini?"

"Na treni."

"Leo hakuna treni ya Luena, Kyabu. Umesahau mimi ni nani?"

"Basi na moto, Papa. Alienda na moto."

Mtu yuko njiani na tayari ameshuka kwenye treni akapanda pikipiki. Nikaona si kazi yangu.

Badibanga, huyu mkwe wangu, ni fundi wa simu. Ana meza yake karibu na soko, na kioo cha kukuza anachokibana jichoni. Vidole vyake ni vyembamba, vinashika skrubu ambazo mimi hata nikivaa miwani naziamini tu kama ninavyoamini malaika. Vidole hivyo ndivyo vinalisha ile nyumba. Hakuna shamba, hakuna mshahara. Vidole tu.

Familia yake ni ya Kasai. Walifukuzwa hapa miaka ile, yeye akiwa mgongoni kwa mama yake, na baadaye wakarudi. Siasa sitaki. Nataka kusema tu kwamba watu wa kwao mambo ya ukwe wanayashika hata kutupita sisi wa hapa.

Kwetu Baluba, wa huku na wa kule, mkwe anaheshimiwa mpaka inauma. Mkwe hanitazami usoni kwa muda mrefu. Hacheki ovyo mbele yangu. Na mimi siingii chumba anacholala, hata nyumba ikiungua naita kwanza kutoka nje. Nikimwona uchi, hiyo si aibu ya siku moja. Hapo ni vikao, ni mbuzi, na ni wazee wanaosafiri kutoka mbali kuja kutikisa vichwa.

Kumbukeni hayo. Na kumbukeni kwamba chumba chao hakina mlango. Kina pazia.

Basi nikaanza mazungumzo. Mada yangu ya siku hiyo ilikuwa muda: jinsi watu wa leo wanavyoupoteza, na jinsi mimi nilivyoutumia, nikitoka kazini na mikono imechubuka nikaenda moja kwa moja darasani. Sikuona kichekesho chochote.

Kyabu akasimama.

"Natafuta sukari, Papa."

Akaingia chumbani. Akakawia. Akatoka bila sukari.

"Sukari yenu inalala chumbani?"

"Juu ya sisimizi, Papa. Jikoni wanaikula."

Nikakubali. Kila nyumba na utaratibu wake. Nikaomba karanga; nazo akazifuata chumbani, akaleta, akarudi tena ndani kidogo, na mimi nikaendelea.

Nikiwa bado kwenye mwaka wangu wa kwanza wa shule ya usiku, akasimama tena. Akatoka nje jikoni, akarudi na kisu, akapita mbele yangu kuelekea chumbani kama mtu anayepita mbele ya mbwa aliyelala.

"Kisu cha nini?"

"Kukata uzi, Papa. Wa nguo."

"Lete nione."

Nikajaribu makali kwa kidole. Kisu kile hakikuwa na uwezo wa kukata hata mchuzi.

Mimi natembea na kijiwe cha kunolea mfukoni. Wengine wanatembea na rozari. Nikamwambia akae, nikaanza kunoa, na kwa kuwa alikuwa amekaa nikamweleza pembe ambayo kisu kinatakiwa kulala juu ya jiwe.

"Papa, inatosha."

"Haraka ndiyo inayoua visu."

"Papa, tafazali. Nipe tu hivyo."

"Kaa, Kyabu."

Akakaa. Alikaa ukingoni mwa kiti, mikono imebana magoti, macho kwenye pazia. Mimi nikafikiri: huyu mtoto ananisikiliza kweli leo.

Ndipo kitu kikagonga ukuta huko ndani. Kisha mguno.

"Ni nini hiyo?"

"Panya, Papa."

"Panya anaguna?"

"Iko mukubwa."

Hapo elimu yangu ikaamka. Nikaanza kukusanya dalili, kama mwalimu wetu wa mantiki alivyotufundisha. Kitenge cha haraka. Jasho. Treni iliyogeuka pikipiki. Sukari inayolala chumbani. Panya anayeguna. Nikazipanga vizuri kichwani, moja juu ya nyingine, nikafikia jibu ambalo halikuwa sahihi hata kidogo.

Nikaamini binti yangu amemficha mwanaume mwingine.

Nikaweka kisu juu ya goti. Nikakunja nne.

"Huyo panya," nikasema, "nitamgojea."

"Papa, enda kwako. Nakuomba."

"Nitamgojea mpaka mume wako arudi kutoka Luena. Hata akirudi kesho."

Kyabu akaanza kulia bila sauti. Mimi nikaona ni machozi ya hatia. Kichwani nilikuwa tayari nimeshaona kikao cha familia, mahari inarudishwa, Badibanga masikini anafarijiwa na mimi, na kanisani watu wananong'ona ninapopita. Nikaona yote hayo. Muda uliokuwa unapita sikuuona, mimi niliyekuja kuufundisha.

Kisha sauti ikatoka nyuma ya pazia. Nyembamba, ya adabu, kama ya mtu anayeomba kupita kwenye benchi la kanisa.

"Papa mukwe. Pardon."

Nikaganda.

"Haiko panya, Papa. Njo minyi." Yaani ndiyo mimi, kwa Kiswahili cha redio.

"Minyi nani?"

"Badibanga."

"Weye uko Luena."

"Hapana, Papa. Niko hapa tangu ulifika. Nilisikia yote. Ile ya shule ya usiku ilikuwa muzuri." Akavuta pumzi. "Lakini mikono, Papa. Sisikie vidole tena. Mbele vilikuwa vinachoma. Sasa havichome. Hakuna kitu."

Nikasimama. Nikakaa. Nikasimama tena na kugeukia kalenda, maana upande mwingine wote ulikuwa una pazia.

"Nani alikufunga? Wezi?"

"Njo minyi nilimufunga, Papa," akasema Kyabu.

"Alikukosea nini?"

Kyabu akafunga upya kitenge chake, ambacho hakikuwa kimefunguka.

"Hakuna kosa, Papa," ikasema sauti ya ndani. "Minyi njo nilimuomba."

Nilitafuta neno. Kamusi nzima, kuanzia A mpaka pale R nilipofika, haikuwa nalo.

Kilichoniokoa ni reli. Mtu wa reli akikosa la kusema, anauliza habari za kamba.

"Kamba gani?"

"Ile ya arusi, Papa."

Lazima nieleze. Kwenye harusi yao watu walileta sufuria na vitenge. Mimi nilileta kamba ya turubai, ya kweli, nyembamba na ngumu, inayoshika mzigo mvua na jua. Nilitoa na hotuba. Watu walipiga makofi, hasa ilipokwisha.

"Na fundo gani?"

"Ile ulitufundishaka tukiwa batoto. Ya gunia."

Nikafumba macho.

Fundo la gunia ni fahari yangu. Nimewafundisha watoto wangu wote. Ukifunga nalo gunia la makaa juu ya baiskeli, kila shimo la barabara linalikaza zaidi. Mzigo ukivuta, fundo linauma. Halijawahi kunifungukia njiani.

Ila gunia halina damu. Hilo sikuwahi kuwaambia, kwa sababu hakuna aliyeniuliza.

"Ilikuwa legelege, Papa," Kyabu akasema. "Alikuwa anacheka. Kisha weye ukakohoa. Akashituka, akavuta."

Sasa mnaelewa kikohozi.

Nikaanza kutoa maelekezo, uso kwenye kalenda. Kyabu akaingia ndani.

"Usivute. Sukuma kamba irudi kuelekea fundo."

"Nilisukuma, Papa."

"Tumia meno."

"Nilitumia meno pale uliniambia nikuletee karanga. Nikakuletea, nikarudia meno."

"Msumari? Uma?"

"Uma ulikunjika."

"Ukate tu, Kyabu," akasema Badibanga. Adabu ilikuwa inaanza kumwishia, na hofu ikaanza kusikika chini yake. "Ukate. Minyi niko na kazi ya vidole."

Nami, kwa mdomo wangu huu uliosoma, nikasema:

"Kamba ya turubai haikatwi."

Nilisema hivyo. Siwafichi. Maisha yangu yote ya kazi kukata kamba lilikuwa kosa, na sentensi ikatoka yenyewe, kama amina.

Pazia likafunguka. Kyabu akaja akasimama mbele yangu, kitambaa kimeanguka, nywele wazi. Akanyoosha mkono.

"Papa. Kisu."

Katika miaka yake yote hajawahi kuniomba kitu bila kuongeza tafadhali. Nikampa.

"Ngoja," nikasema. "Chukua na kijiko. Kipenyeze katikati ya kamba na ngozi, ukate juu ya kijiko. Na mikono aishushe polepole."

Kisu kilikata mara moja. Nilikuwa nimekinoa vizuri. Angalau hilo.

Kisha tukasikia damu ikirudi. Damu ikirudi, mwenye nayo ndiye anayetoa sauti. Nilisoma kalenda yote, mpaka jina la kiwanda kilichoichapa.

Baadaye Badibanga akatoka amevalishwa shati, amefungwa vifungo mpaka kooni. Yeye anatazama sakafu, mimi natazama dari. Tukatoka kwenda kituo cha afya, mimi mbele, yeye nyuma, tumeachana kama watu wasiojuana ambao barabara yao bahati mbaya ni moja.

Tukamkuta muuguzi anaitwa Likoke, mtu mkubwa aliyetoka mkoa wa Équateur, asiye na mkwe hata mmoja Kamina nzima.

"Nini ilifanyika?"

"Baiskeli," nikasema mimi. "Ameanguka."

Likoke akageuza mikono ya Badibanga. Kila mkono ulikuwa na alama yake, nyekundu, imezunguka kama bangili.

"Baiskeli ilimuvalisha bangili?"

Nikavua kofia, nikaivaa tena.

"Mzee, minyi si padiri. Sitafuti zambi. Natafuta kujua kamba ilikaa muda gani."

Badibanga akanitazama usoni kwa mara ya kwanza tangu aoe.

"Tangu Papa alifika," akasema, "mpaka alimaliza kunoa kisu."

"Na Papa alikaa muda gani?"

"Kidogo," nikasema.

"Kidogo kirefu," akasema mkwe wangu, kwa heshima zote.

Likoke akachukua sindano, akagusa kidole kimoja kimoja. Vyote vya kushoto na vinne vya kulia vilijibu. Kidole gumba cha mkono wa kulia hakikujibu. Akagusa tena. Badibanga alikuwa anakitazama kama kidole cha mtu mwingine.

"Hapa," Likoke akasema, akionyesha upande wa gumba, pale mkono unapoungana na kiganja, "neva inapita karibu na ngozi. Kamba nyembamba ikikaa juu yake, inaiponda. Kama kitarudi, kitarudi polepole. Wiki mingi, pengine miezi. Kwa bantu wengi kinarudi. Kwa wengine hakirudi chote."

"Na nikirudi kwa kazi?"

"Utajaribu. Skrubu njo itakuambia."

Kisha akatugeukia wote wawili, na nadhani alinitazama mimi zaidi.

"Ganzi njo alama. Ikianza, kamba inatoka palepale. Haingoje mugeni amalize chai."

Wiki zilizofuata meza ya Badibanga sokoni ilikuwa imefunikwa kitambaa. Watu wakasema ameanguka na baiskeli. Wengine wakauliza baiskeli gani, maana hana.

Nilitaka kujua kidole kinaendeleaje. Nimwulize nani? Mkwe? Ningemwuliza mkwe wangu habari za chumba chake? Binti? Baba hamwulizi binti mambo hayo, hata kwa Kifaransa. Hulda? Hulda alikuwa hajui kitu, au alikuwa anajua kila kitu, na kwa Hulda huwezi kutofautisha.

Kwa hiyo nikafanya ninachofanya siku zote. Nikasoma.

Ndani ya simu, kwa Kifaransa, kamusi pembeni. Kumbe watu wameandika kuhusu kufungana chumbani. Wameandika sana, na kwa uzito, kama vile sisi tulivyokuwa na mwongozo wa maturubai. Nilianza nikiwa na kejeli ya kutosha, lakini kurasa zile ziliimaliza.

Wanasema kamba iwe laini, na izunguke mara kadhaa, mizunguko ikilala ubavu kwa ubavu, ili uzito uenee badala ya kukata sehemu moja. Isikae juu ya mfupa wa kifundo, ipande kidogo kwenye mkono. Vidole viwili vya mfungaji vipite chini yake bila kulazimisha. Fundo liwe lile ambalo ukivuta halikazi. Walionya waziwazi dhidi ya fundo linalojikaza, na mimi niliisoma sehemu hiyo kama mtu anayesoma jina lake kwenye tangazo la kituo cha polisi.

Mikono isikae juu ya kichwa muda mrefu. Aliyefungwa aulizwe kila mara: unasikia baridi, unachomwa, hebu bana vidole vyangu. Wakubaliane mapema neno moja ambalo likisemwa mchezo umekwisha. Mkasi wenye ncha butu uwe karibu, usiende kutafutwa jikoni. Na aliyefungwa asiachwe peke yake hata kidogo.

Hawakuandika lolote kuhusu baba mkwe anayekuja bila kupiga simu. Nimewaandikia nikawashauri waongeze.

Mimi si mtu wa kusoma bila kujaribu. Nikamwita Hulda.

"Lete mikono."

"Ya nini?"

"Masomo."

Hulda akanitazama muda mrefu, akafuta mikono kwenye kitenge.

"Lete yako weye. Yangu iko na kazi."

Akavua kitambaa chake cha kichwa, kipana, laini, akanifunga mikono mbele, tumboni. Sijui alijifunzia wapi. Akapitisha vidole viwili chini.

"Inabana?"

"Hapana."

"Bana vidole vyangu. Muzuri. Sasa nyamaza."

Akavuta kigoda, akakaa mbele yangu, akaanza kusema. Alisema kwamba tangu nistaafu hakuna mtu ndani ya nyumba hii aliyemaliza sentensi yake. Nikataka kumweleza, na nikagundua kwamba bila mikono mimi sijui kueleza. Akaendelea. Alikuwa na mengi. Mengine yalikuwa ya kweli. Mara kwa mara alisimama na kuuliza, "Vidole?" nikasema vizima, akaendelea.

Aliponifungua nilikuwa nimesikia habari za nyumba yangu zenye umri mkubwa kuliko watoto.

Lakini kidole cha mkwe bado nilikuwa sikijui.

Ndipo nikapata mbinu. Nilitoka uani, nikanyoosha simu juu ya jiwe la kufulia, nikaiachia. Haikupasuka. Vitu vya bei rahisi vina kiburi. Nikaiachia tena kutoka juu zaidi, na kioo kikapasuka kama utando wa buibui.

"Mpelekee Kyabu," nikamwambia Hulda. "Mwambie imeniponyoka."

"Mara mbili?" akauliza. Alikuwa dirishani.

Hesabu yangu ilikuwa rahisi. Kubadilisha kioo ni kazi ya skrubu ndogo kuliko zote. Simu ikirudi haijaguswa, au ikirudi imetengenezwa na fundi mwingine, basi nimeua mkono wa mtu kwa hotuba. Nilingoja. Sikusoma kitu siku hizo, hata R.

Kyabu akaileta mwenyewe. Kioo kipya, kimekaa sawasawa. Nikaigeuza, nikatafuta skrubu kwa miwani. Zote zipo, kila moja imekaa wima ndani ya tundu lake.

"Nani ametengeneza?"

"Yeye mwenyewe, Papa."

"Kwa mkono gani?"

Swali likawa limeshatoka. Kyabu akatazama chini, akatabasamu na sakafu.

"Yote mbili. Asubuhi gumba ingali inalala kidogo. Lakini skrubu inashika."

Nikaenda kutazama kalenda yetu. Ilikuwa na vumbi, nadhani, maana macho yaliniwasha.

"Na hii," akasema nyuma yangu, "Badi anasema ni kado. Ya Papa na Mama."

Kifuko kidogo cha zawadi. Ndani yake mkasi mpya, mfupi, ncha zake butu.

Sikuelewa. Nikawasha simu, na simu ikafunguka pale nilipokuwa nimeishia kusoma. Picha ya mikono miwili, kamba imelala ubavu kwa ubavu. Juu yake maandishi makubwa ya Kifaransa: kwa wanaoanza.

Fundi hawezi kurudisha simu bila kuijaribu. Kurasa zangu zote zilikuwa wazi, moja nyuma ya nyingine.

"Kyabu," nikasema, "hayo ni masomo."

"Eé, Papa."

"Ni utafiti."

"Eé, Papa. Badi anasema muuweke karibu na kitanda. Usikae ndani ya kabati."

Akaondoka haraka. Kwa nyuma niliona mabega yake yanatetemeka, na sidhani alikuwa analia.

Kwa hiyo leo, katika mji huu, kuna kijana anayeniheshimu kiasi cha kukaribia kupoteza kidole, na kijana huyo anaamini kwamba mimi na Hulda, kwa umri huu, tumeanza. Siwezi kumkatalia, kwa sababu nikimkatalia nitakuwa nimelizungumza. Ukwe unanifunga mdomo mimi sasa.

Hulda ameutundika mkasi kwenye msumari, upande wake wa kitanda. Nilimwambia autoe. Hajautoa.

Wasomaji wa ukurasa huu wa mtandaoni mnapenda mwisho wenye somo. Langu ni hili. Ukimfunga mtu, kaa naye, na umuulize mpaka achoke kuulizwa. Ukifungwa, na mkono ukaanza kufa, piga kelele, hata kama nje wamekaa baba mkwe, padri na chifu. Heshima inayomzuia mtu kusema "naumia" inabana kuliko fundo langu la gunia, na haina kijiko cha kupenyeza. Na ukiwa na miguu ya kutembelea watu, una kidole cha kupiga simu.

Kyabu, najua unasoma hapa, wewe uliyeweka picha ya ua badala ya uso. Usoni siwezi kukuambia haya, ndiyo maana nimewaambia watu wote. Kile kipande cha kamba ya harusi nirudishieni, kina magunia yanakingoja. Ndani ya kikapu nilichowapa watoto warudi nacho, chini ya mihogo, mama yako ameweka kitambaa chake kipana.

Jumapili walete watoto kama kawaida. Na masufuria yao.

Mimi sitatoka nyumbani.